Sikudhani

Mimi ni fundi friji, Tandika, nyuma ya soko.
Naweka kiganja mgongoni mwa mashine, nafumba macho,
najua: hapa gesi imevuja, hapa kompresa imechoka,
hapa mteja ananidanganya, umeme ulirudi kwa kishindo.
Miaka kumi na tisa sijakosea. Labda mara mbili.

Wewe nilikukosea mwaka mzima.

Tulikuita Sikudhani kwa sababu mama yako
alikwisha kuambiwa hatazaa tena,
ukaja wakati wa vuli, maji yamejaa uani,
mkunga kavua viatu.
Jina la furaha lile. Nani alijua
lingekuja kuwa jibu langu
kwa kila aniulizaye?

Ulianza kulala. Nikasema: umri.
Ukaacha netiboli. Nikasema afadhali, asome.
Kichwa, tumbo, tena kichwa. Nikanunua panado.
Hesabu ikashuka kutoka themanini mpaka kumi na nne,
nikashika mkanda. Sikukupiga, lakini niliushika,
na wewe hukurudi nyuma.
Hilo ndilo ningeliona:
mtoto asiyekwepa mkanda.

Bi Mwanaisha wa jirani akasema kapata bwana.
Shangazi yako akaleta kombe kwenye chupa ya maji,
zafarani imetuama chini kama majani ya chai.
Ulikunywa yote, ukasema asante.
Mjomba akasema ni simu. Nikaichukua simu,
nikaifungia kwenye friji bovu la mteja wa Yombo.
Hukuiulizia.

Kisha ukampa mdogo wako kalamu zako za rangi,
zote, na kisanduku chake,
na mkufu wa marehemu bibi ukautundika
kwenye msumari wa mlango wa mama yako.

Ni Mwalimu Kilumanga wa jiografia aliyekuja,
vumbi la chaki kwenye mkono wa shati.
Akakataa soda. Akauliza taratibu:
"Baba Siku, huyu mtoto anataka kuishi?"

Nilitaka kumfukuza.

"Muulize," akasema. "Hutampa wazo.
Kama lipo, analo tayari, na yuko nalo peke yake."

Nikakaa kwenye kizingiti cha chumba chako na bisibisi,
maana sikujua pa kuiweka mikono.
Nikauliza vibaya. Nikauliza tena.
Ukanitazama kama mtu aliyetoka mbali na ndoo kichwani
akasikia mtu anamwambia, tua.
Ukasema: Baba, nimechoka, na sijafanya kazi yoyote.

Hospitali tulikaa benchi moja na mtoto wa pumu
na mama mwenye mguu wa plasta.
Daktari, binti mdogo mwenye raba,
alikuuliza wewe, si mimi. Mimi akanitoa nje.
Nikahesabu vigae.
Akanirudisha, akasema: sonona.
Neno nililokuwa nikilisikia redioni
nikidhani ni la watu wa Masaki.
Ni ugonjwa, akasema. Si uvivu, si jini,
si malezi yako peke yake.
Hilo "peke yake" nalala nalo.
Kila Alhamisi, mazungumzo. Vidonge baadaye, ikibidi,
na nivitunze mimi. Kamba, dawa ya panya, asidi yangu ya kazi,
vyote vitoke ndani ya nyumba. Ni wiki nyingi, baba.
Usimharakishe.

Mimi nimezoea kupaka povu la sabuni kwenye bomba
na kungoja. Linapovimba, ndipo panapovuja.
Kwako sina pa kupaka. Nakaa tu.
Alhamisi tunakula mihogo ya kukaanga pale getini,
wewe vipande viwili, siku nyingine vitatu,
siku nyingine hutaki, naifunga kwenye gazeti.

Juzi ulimfokea Mbwana kwa ajili ya feni.
"Igeuze huku!" Sauti ikafika barabarani.
Mama yako akaacha kuchambua mchele.
Sijui kama ndiyo kupona
au ni ugonjwa umebadili nguo.
Daktari naye hakusema, aliandika tu.
Lakini nilitoka, nikasimama kati ya mafriji ya watu,
nikawasikiliza ninyi wawili
mkigombea upepo.