Kipande cha Reli, Ruo

Stesheni imepakwa chokaa upya,
sakafu inanuka tapentaini.
Kiingilio shilingi elfu moja; chenji hakuna.

Likwata, mtunza makumbusho, ananitangulia
akitaja vitu kama anayeita mahudhurio:
taa ya mlinzi, kofia isiyo na mwenyewe,
tiketi ya daraja la tatu kwenda Nachingwea, haikutobolewa.
"Huyu hakusafiri," anasema, na kupita.

Nje, njia yenyewe haipo.
Waliing'oa, wakaibeba. Palipolala mataruma
sasa pana mikorosho, na mbuzi wa mtu.

Halafu chumba cha mwisho: kitambaa cheupe,
kipande cha reli, urefu wa mkono,
na kibao: USIGUSE.

Lakini mimi nakujua wewe.
Ulining'inia kwa waya nje ya darasa la pili, Mtama;
Somoe wa zamu akikupiga kwa nati
tulikimbia, bibo nusu mdomoni.

Likwata amegeuka kufunga dirisha.
Nakugonga kwa pete. Ting.

Mkono wangu wa kulia, wa miaka hamsini na sita,
unanyooka wenyewe
kupima nafasi ya bega la mbele.