Kushuka

Bwana Hargreaves, maana wapasuaji wa hapa
hawapendi kuitwa daktari,
aligeuza skrini nikaliona goti langu:
mfupa umekalia mfupa
kama wapangaji wawili wanaogombea kochi.
"Punguza kilo kumi na nne, ndipo nikate."
Alisema kwa upole,
kama mtu anayerudisha chenji pungufu.

Mimi nilisugua sakafu za hospitali hii
miaka ishirini na miwili, wodi ya sita hadi ya tisa.
Najua vigae vinavyocheza.
Goti hili limelika humu, kidogo kidogo,
likazolewa na maji ya limau ndooni.
Hilo halimo kwenye fomu.
Kwenye fomu kuna kimo, kuna kilo,
na namba inayotoka ukigawa.

Basi nikaanza kushuka.
Waliosema kupanda mchongoma, kushuka ndio ngoma,
hawakuziona ngazi za nyumba yangu ya Coventry:
kumi na tatu, zulia la kahawia.
Nashuka kinyumenyume kila alfajiri,
nimeshika ukuta kama mtoto wa miezi kumi.

Chapati moja. Halafu nusu. Halafu harufu tu,
nikiwapikia Shemsa na wanawe.
Samli nikampa jirani.
Jumanne na Ijumaa, bwawa la manispaa:
maji hayaulizi kilo.
Humo nilitembea bila fimbo, nikalia,
na hakuna aliyejua, uso wote maji.

Dada yangu wa Muheza akaniona kwenye simu.
"Mashavu yameenda wapi? Nani kafa?
Usinifiche, Riziki, una nini?"
Kwake unene wangu ulikuwa risiti:
Ulaya imelipa.
Nikamwambia natafuta goti.
Kimya. Kisha:
"Kwani huko goti linanunuliwa kwa nyama?"
Nikacheka mpaka likauma.

Leo mizani. Nesi Bronagh anasubiri na kalamu.
Nimevua viatu, koti, sweta.
Imebaki nusu kilo.
Nesi anasema tutaandika tu, usijali,
lakini mimi nazitazama bangili za mama,
za fedha, nzito, saba,
zilizomezwa na mkono huu tangu Shemsa azaliwe.
Fundi mmoja aliwahi kutaka kuzikata kwa msumeno.

Navuta ya kwanza.
Inateleza yenyewe, bila sabuni.