Dodoso Namba 41

Swali la saba: kwa kiwango cha moja hadi tano,
unawaamini majirani zako kiasi gani?
Kalunde hajibu. Anakaza kifuniko cha dumu,
anafuta vidole kwenye kanga,
ananiuliza kama moja ndiyo kidogo au ndiyo nyingi.

Nimetoka chuo kikuu na karatasi mia tatu,
kalamu za bluu, na nadharia
kwamba watu hugawanyika kwa kukosa taarifa.
Hapa Isevya taarifa zimejaa hadi mlangoni.
Redio mbili zabishana kibanda kimoja,
na Mihayo, fundi baiskeli, anazijua kura
kituo kwa kituo,
kama mwalimu anavyowajua watoro.

"Haya, andika," anasema Kalunde.
"Zamani mtu alionja kwa kidole, akalipa, akaenda zake.
Asali ya Sikonge, nani aihoji?
Ulipokuja uchaguzi ule
shemeji yangu akaja na kiberiti.
Akachovya njiti kwenye asali yangu
mbele za watu. Asali yenye maji, njiti haiwaki."

Ikawaka?

"Ikawaka.
Akasema kiberiti kimetoka duka la wenzangu."

Nageuza karatasi, mbele, nyuma.
Kuna kisanduku cha umri, cha elimu, cha chama,
kuna "sijui", kuna "sitaki kujibu".
Hakuna kisanduku cha njiti iliyowaka bure.

Treni ya Kigoma inapiga honi, imechelewa kama jana.
Jua likiwa limeshainama, mtoto anakuja
na chupa ya soda, tupu, hana hata mia.
Ni wa shemeji yule yule; pua haimkani.
Kalunde anamimina bila kupima, mpaka shingoni,
anamwambia apite uani, asionekane barabarani.
Mtoto analamba kizibo, anatokomea.

"Hilo usiandike," ananiambia.
Nami sikuandika. Swali la saba
nililiacha wazi, meupe, kama jino la maziwa.

Nilinunua lita moja. Nilimshukuru. Tulicheka kidogo,
akanitania kuwa wasomi hawajui kulamba.

Usiku, kwenye gesti ya karibu na stesheni,
umeme ulikatika. Nikapapasa mezani nitafute mshumaa.
Muda ukapita, mshumaa bado haujawashwa,
nami nimekaa kitandani, kifuniko pembeni,
njiti moja mkononi,
ncha yake inanata.