Walishaji Wanane

Zhonghe, saa tisa usiku, mvua juu ya paa la duka.
Chiu-yueh kaiinamia bodi iliyozimika,
miwani puani, ncha ya kipimo vidoleni.

Volti kumi na mbili zabisha hodi.
Prosesa haitaki zaidi ya moja na kidogo,
ila hiyo moja huila kwa pupa,
ampea mia kwa mkupuo.
Ukiipa zote kumi na mbili, umeiua.

Basi mlangoni huwekwa walishaji wanane.
Swichi hufunguka, hujifunga,
mara laki tano kwa sekunde;
koili humeza fundo, huliachia taratibu,
kapasita hukinga kinachomwagika.
Huyu akipumua, yule kashika.
Haba na haba, na kibaba hakijai.

Wa sita kaungua.
Doa jeusi, dogo kama punje ya ufuta.
Saba waliubeba mzigo wake wiki nzima,
kimya, wakipata moto,
hadi mwenyewe akalalamika: inajizima.

Moshi wa lehemu.
Anamkumbuka dada yake Mei-hsuan:
nafasi yake kiwandani Taoyuan haikujazwa,
wenzake waliambiwa tu wasogee.

Anabonyeza. Feni inazunguka.
Moja nukta mbili.
Anasubiri kidogo kabla ya kuamini.