Embe au Korosho

Ngazi za ghorofa ya pili, Mtaa wa Kisutu,
saa kumi na moja alfajiri, umeme umekatika.
Kokilaben kanimulikia tochi ya simu
kwa mkono mzima. Ule mwingine umo ndani ya plasta
tangu ateleze bafuni, wiki mbili kabla ya Diwali.

"Wewe unachora hina," aliniambia juzi dukani.
"Sakafu nayo ni kiganja, kikubwa tu."
Nilicheka. Nimechora maharusi wa Magomeni
hadi wa Mbagala;
kizingiti, sijawahi.

Hina hutoka kwenye koni, hufuata unakotaka.
Unga wa mchele hauna adabu hiyo.
Unaubana kwa gumba na shahada,
unauachia kama anayetia chumvi mchuzi wa mgeni.
Ukihema, umepeperuka.

Nukta kwanza, saba kwa saba.
Kisha unazizunguka, usiziguse:
kikonyo, jani, jani, ua lililofumba.
"Jani gani hili?" namuuliza.
"La kwetu."
"Kwenu wapi?"
Kanyamaza. Kisha kageuza tochi dirishani,
kwenye mwarobaini wa uani, umejaa kunguru.
"Bibi yangu alichora mti wa Jamnagar.
Mimi sikuuona. Nachora huo."

Kwenye pembe nikachora bila kuambiwa
lile tone lenye shingo iliyopinda,
lililoko kwenye pindo la kanga yangu.
"Embe!" akasema, kafurahi.
"Korosho."
"Embe. Tangu Gujarati ni embe."
"Mama, mimi wa Mkuranga. Korosho naijua."
Mwanga ukatikisika ukutani: alikuwa anacheka,
plasta inagonga kitasa cha mlango.
Tukaliacha bila jina,
tukalijaza manjano ya jikoni.

Juu ya kabati la viatu ipo bahasha kutoka Lesta.
Binti yake kamtumia ua la plastiki, la kubandika,
rangi kumi na mbili, ukilichoka unalipangusa kwa kitambaa.
Gundi bado ina karatasi yake.
"Lile litakaa," kasema,
kwa sauti ya mtu anayetaja ugonjwa wa jirani.

Kukapambazuka. Mtoto wa ghorofa ya tatu
kashuka na begi la shule, karuka petali tatu,
ya nne kaikanyaga. Nikasonya.
"Pita, baba, pita," Kokilaben kamwambia,
na unga ukashuka ngazi kwa soli yake,
hatua moja nyeupe, nyingine hafifu,
mpaka barabarani.

Sisimizi nao wamefika. Mstari wao
mwembamba kuliko wowote niliochora,
kila mmoja na chembe yake,
wanalivua jani kuanzia nchani.
Nikanyoosha mkono kwenye ufagio.
"Acha! Hao ndio wageni wenyewe.
Wengine watakuja jioni, watakula sukari tu."

Nikanawa. Kwenye kucha, hina ya Jumamosi;
juu ya hina, weupe usiotoka upesi.
Kauliza bei yangu, nikamtajia chai.
"Na kesho?" kasema.

Nilikuwa dirishani. Mwarobaini umepata jua,
naliona sasa kila jani, kingo zake zina meno,
madogo, kama ya msumeno wa fundi saa.
Yangu yote niliyachora laini.

"Kesho nakuja," nikamwambia.
"Kuna meno niliyasahau."