Chupa Isiyo na Ukuta

Newala. Umeme umekatika tangu saa tatu.
Mwalimu Nandonde anachora chupa ubaoni,
kisha anazifuta kuta zake kwa kiganja.
"Hiki hakishikiki," anasema.
"Ni haidrojeni iliyopinduliwa. Ikigusa chochote cha kwetu,
vyote viwili vinakwisha. Unabaki mwanga."

Sumaku ndizo zinazokizuia katikati ya utupu,
kama mtu na mkwewe kwenye ukumbi mwembamba:
wanapishana, hawagusani.

Wanakimulika kwa leza: rangi yako ipi?
Kinajibu ileile ya haidrojeni yetu,
tarakimu kwa tarakimu, hadi mtu anachoka kuhesabu.

Zuhura Likapa ananyoosha mkono,
vidole vimebabuka kwa mafuta ya korosho.
"Kikiachiwa, kinaangukia juu?"

Darasa zima kicheko. Mwalimu hacheki.
"Hilo liliulizwa miaka mingi.
Mwishowe wakalegeza sumaku, polepole.
Kikaanguka chini."

Nje, bibo linadondoka juu ya bati la jiko. Pu!

Zuhura anaandika kwa wino: chini.
Halafu, kwa penseli, ili aweze kufuta:
kama tunafanana hivyo,
wenzetu wale walikwenda wapi?