Umepata Wapi?

Jumanne, saa tatu na dakika kumi,
nilimkabidhi Bwana Kapela funguo tatu za ghala,
kalamu ya wino mwekundu
na barua ya mistari miwili.
Akaisoma. Akaigeuza nyuma,
labda sababu imejificha huko.
"Umepata wapi?"
"Sijapata."
Akatabasamu kama mtu aliyefichwa jambo
na akakubali kufichwa.

Getini Lugala akanishika mkono asiuachie:
"Hongera, kaka. Umepata wapi? Usinisahau huko."
Huko.
Nikatazama huko: barabara ya vumbi lililolowa,
mbuzi wawili, bango la benki.

Wahenga walionya,
usiache mbachao kwa msala upitao.
Mimi mbachao nimeuacha
na hakuna msala uliopita.
Nimekaa kwenye saruji tupu,
nasikia baridi yake ikipanda.

Miaka kumi na mmoja niliandika madaraja
juu ya marobota ya tumbaku ya watu.
Neno hili daraja lina ujanja:
kuna la kuvusha mtu Mto Ugalla
na kuna langu, la wino mwekundu,
ambalo sikumbuki lilimvusha nani.

Msimu uliopita alikuja mzee Igulu kutoka Ulyankulu,
robota lake kalifunga kwa kamba mpya.
Nikashika kisu nilifungue.
"Usijisumbue, mwanangu," akasema,
"andika tu la nne."
Hakusema kwa hasira.
Alisema kama mtu anayempisha mgeni mlangoni.
Nikaandika la nne.
Kamba ile mpya sikuikata.

Nilikaa na jambo hilo miezi saba.
Sikuiba, sikugombana, sikufumaniwa na chochote.
Nilikuwa nikikohoa tu usiku
na Nyamizi akisema ni vumbi la tumbaku.

Nyumbani Isevya nilimkuta anachambua mchele.
Nikamwambia.
Vidole vyake havikusimama:
chuya huku, punje huku.
"Umekula?"
"Bado."
Kisha akahesabu kwa sauti, bila kunitazama:
ada ya Mwashi, kodi ya miezi mitatu,
marejesho ya kikoba kila Ijumaa,
na cherehani ya dada yake tuliyoahidi kuikomboa.
"Hasira hailipi kodi."
"Si hasira."
"Afadhali ingekuwa hasira," akasema. "Hasira hupoa."

Usiku nilisikia treni ikiingia kutoka Kigoma,
nikawaza watu wanaoshuka wakiwa na mizigo
na mtu wa kuwapokea.

Asubuhi mwili ukaamka saa kumi na moja,
haujapewa taarifa.
Nikavaa shati la kazi; nimelifua mara tatu,
bado linanuka ghala.
Nikatoka kwa mguu, nikaipita stesheni,
nikaipita njia panda ya kwendea kazini
(miguu ilitaka kukunja, nikaisemesha kama punda),
mpaka Kiloleni, ambako akina mama
walikuwa wamepanga uyoga juu ya majani,
mafungu mafungu, bado una udongo wa porini.

"Mwangaluka, baba."
"Mwangaluka."
Mama yule hakuwa na mizani.
Alitia fungu kwenye mfuko, akalitazama,
akatazama shati langu,
akaongeza uyoga mmoja mkubwa kama sahani,
akafikiri,
akaongeza na mwingine.
Hakuandika chochote.

Nikarudi nyumbani saa mbili na nusu,
wakati ambao kwa miaka kumi na mmoja
sikujua jua linafika wapi uani kwangu.
Linafika kwenye beseni la bluu.

Nyamizi akafungua mfuko, akanusa.
"Umepata wapi?"
Nilikaribia kucheka.
"Kiloleni, barabarani."
"Kwa hela gani?"
"Nauli ya leo."

Hakujibu. Akauosha uyoga mara mbili,
akaukata, akaubandika jikoni bila mafuta.
Ukaanza kutoa maji yake wenyewe.
"Na ya kesho?" akauliza,
akinipa mwiko nikoroge.